Kompyuta Iliyokesha

Wiki tatu zilizopita, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa mtaa wetu alibaki msikitini mpaka watu wakapungua, kisha akatufuata ofisini akiwa amekumbatia mfuko mweusi wa kompyuta. Hakutaka kukaa. Aliuweka mfuko mezani na kusema, "Katibu, nitafutie mtu wa kuinunua hii. Nyumbani kwangu haikai tena."

Tulimvutia kiti, tukamsalimu upya kama inavyompasa mtu wa umri wake, na polepole habari ikatoka. Kompyuta hiyo mpakato aliinunua Kariakoo, ikiwa imekwisha kutumika, kwa ajili ya bintiye aliye mwaka wa pili katika chuo cha ualimu. Kwa muda wa miezi miwili, kila mzee alipoamka kwa ajili ya Alfajiri na kupita sebuleni, aliikuta kompyuta juu ya meza, imefunikwa, lakini ina joto, na betri iliyojazwa jioni imekwisha. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya nne alimuuliza binti, naye akaapa kwamba aliifunga saa nne usiku na kwenda kulala. Baada ya hapo binti akaja kulalamika kuwa kompyuta ilizimika ghafla asubuhi akaipoteza kazi ambayo hakuwa ameihifadhi, kurasa nne za ripoti ya mazoezi ya kufundisha, na baba akamjibu kwamba angelala usiku betri ingebaki.

Mzee alikwisha kuhitimisha kuwa mwanawe anakesha na mambo ya intaneti. Lililomuuma zaidi ni kuona kuwa anamwongopea, tena kwa kiapo. Akaichukua kompyuta, akaifungia chumbani kwake. Ripoti ilikuwa inatakiwa chuoni baada ya siku tisa.

Kuhusu binti hatukuwa na la kusema. Kuhusu kompyuta tulikuwa na la kuuliza, nalo lilikuwa moja: binti huizima, au huifunika tu? Mzee alitutazama kana kwamba tumemuuliza tofauti ya kuusindika mlango na kuufunga kwa komeo. Na kwa hakika tofauti yenyewe ndiyo hiyo.

Kompyuta ina hali kadhaa kati ya kuwa macho na kuzimika kabisa. Iliyo ya kawaida ni usingizi: kioo kinazimika, kichakato kinasimama, feni inanyamaza, lakini kumbukumbu ya muda, mahali panapokaa kazi iliyo wazi, inaendelea kupewa umeme kidogo ili isisahau. Ndiyo maana ukiifunua inaamka kwa sekunde chache na barua yako iko pale pale ulipoiachia. Usingizi wa namna hii kwa usiku mzima hula sehemu ndogo tu ya betri iliyo nzima. Ipo hali nyingine iliyo nzito zaidi, ambayo kompyuta huyaandika yote yaliyo katika kumbukumbu hiyo juu ya diski kisha ikajizima kabisa. Hiyo haili betri hata kidogo. Kuzima ni kuzima. Sasa, kukifunika kifuniko si lolote kati ya hayo. Kifuniko kina kihisi kidogo kinachoiambia kompyuta, "nimefungwa," na kinachofuata hutegemea mipangilio. Ikiwa mipangilio inasema lala, italala. Ikiwa inasema usifanye lolote, itaendelea na kazi gizani mpaka betri iishe.

Kompyuta ya mzee ilikuwa ikitumia Linux Mint. Hili si jambo la ajabu siku hizi. Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi zilizotumika ambazo haziwezi kuupokea mfumo mpya zinawekewa Linux, ambayo hupatikana bila malipo na haizielemei mashine kongwe. Sisi tunaiunga mkono hatua hiyo. Tatizo ni kwamba anayeiweka mara nyingi ni kijana wa familia mwenye haraka, anayeondoka na chai bado haijapoa, na wanaobaki nayo hawajui alichokigusa.

Kesho yake alasiri tulifika nyumbani kwa mzee, tukaomba binti na mama yake wawepo. Tuliiwasha kompyuta kwa betri, bila chaja, tukafungulia darsa mojawapo kati ya zile mzee alizozihifadhi humo, kisha tukakifunika kifuniko mbele ya wote. Sauti haikukatika. Shekhe aliendelea kusomesha kutoka ndani ya kompyuta iliyofungwa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mzee alisema, "Ndivyo inavyotakiwa. Mimi ndiye niliyemwambia mpwa wangu aifanye hivyo."

Basi kisa kikajieleza chenyewe. Mpwa alikuja kutoa mkono wa Idi. Mjomba akamweleza kuwa anapenda kusikiliza darsa akiwa amejilaza, lakini mwanga wa kioo unamsumbua, na akikifunika sauti inakatika. Kijana akafungua mipangilio, mahali pa kifuniko akaweka Do nothing, yaani usifanye lolote, na mahali pa kulala endapo kompyuta haiguswi akaweka Never, yaani kamwe. Alifanya hivyo kwenye umeme wa ukutani na kwenye betri pia. Alitimiza alichoombwa. Hakuna aliyemwambia binti, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa amezoea kuifunika kompyuta na kuiacha ilale.

Tulitaka na shahidi wa pili, kwa sababu jaribio la leo halithibitishi yaliyopita. Linux huandika shajara ya kila linalotokea ndani yake, na kila inapolala huandika mstari, na kila inapoamka huandika mwingine. Tulifungua dirisha la amri tukaandika hivi:

journalctl -g "suspend entry"

Ikatoka orodha ya tarehe na saa. Mpaka siku ya Idi, karibu kila usiku palikuwa na mstari wa kulala, saa tatu na nusu, saa nne, saa nne na robo. Baada ya hapo hapakuwa na hata mmoja. Binti alisoma tarehe ya mwisho kwa sauti. Mama yake akasema taratibu kuwa ni usiku ule mpwa aliolala kwao.

Mzee alikaa kimya. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akarudi na chaja aliyokuwa ameificha, akaiweka mapajani kwa bintiye. "Mama, nisamehe," alisema. Sisi tuliona ni vyema kuuliza maji ya kunywa yako wapi.

Tunaeleza sasa jinsi tulivyoipanga upya, kwa kuwa tunaamini nyumba hiyo si ya pekee. Katika Linux Mint yenye sura ya Cinnamon, fungua Menu, kisha System Settings, kisha Power Management. Utaona safu mbili: moja ya kompyuta inapotumia umeme wa ukutani, nyingine inapotumia betri. Hizo safu mbili ndizo siri ya jambo lote, na watu wengi huzijaza sawasawa bila kufikiri. Umeme wa ukutani haukuibii kitu ukikesha nao usiku mmoja, betri inakuibia.

Penye When the lid is closed, upande wa betri tuliweka Suspend, yaani lala. Upande wa umeme tuliacha Do nothing, ili mzee aendelee na darsa zake chaja ikiwa imechomekwa. Lakini umeme wetu tunaujua. Unaweza kukatika saa sita usiku kifuniko kikiwa kimefungwa, na kompyuta ikajikuta kwenye betri hali inaendelea kusomesha. Kwa hiyo tulifunga mlango wa pili: penye Suspend when inactive for, upande wa betri, tuliweka dakika 15. Ikikaa muda huo bila kuguswa, ilale yenyewe. Baadhi ya programu za kuchezea sauti huizuia kompyuta isilale maadamu sauti inatoka. Ndiyo maana tulimwomba mzee azime darsa kabla hajasinzia, ombi ambalo mkewe alilicheka sana.

Penye When the battery is critically low, yaani betri inapokuwa taabani, tuliweka kompyuta ijizime. Yapo machaguo mengine, na wapo watakaopendekeza ule usingizi mzito wa kuandika kila kitu kwenye diski. Ni mzuri, lakini unahitaji eneo maalumu kwenye diski lenye nafasi ya kutosha kubeba yaliyomo katika kumbukumbu, na kompyuta nyingi hazikuandaliwa hivyo. Ubuntu, ambayo ndiyo msingi wa Linux Mint ya kawaida, iliacha kuuonyesha usingizi huo kama chaguo la kawaida tangu toleo la mwaka 2012, kwa kuwa kwenye mashine nyingi ulikuwa hauaminiki. Usiutegemee kabla hujaujaribu mara kadhaa ukiwa na faili lisilo na thamani.

Hapa ndipo tulipogundua kwa nini zile kurasa nne zilipotea bila onyo. Tuliandika katika dirisha la amri:

upower -d

Katika maelezo yanayotoka, tafuta mistari miwili: energy-full-design, ambayo ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na energy-full, ambayo ni uwezo wake leo. Ya binti ilitengenezwa kubeba wati-saa 48. Leo hubeba 19, yaani karibu asilimia 40 tu ya uwezo wa mwanzo. Betri iliyochakaa kiasi hicho huwa na kipimo kisichosema kweli. Inakuonyesha asilimia 18, na dakika inayofuata kompyuta imezimika, bila kupita kwenye ile hatua ya taabani ambapo ingejizima kwa utaratibu. Anayenunua kompyuta iliyotumika na aombe amri hii iandikwe mbele yake, kabla ya kutoa fedha. Ikiwa muuzaji ameweka mfumo mwingine, Linux Mint inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani, na mistari hiyo ikaonekana.

Kwa kuwa betri mpya haikuwa katika bajeti ya mwezi huo, tulipunguza hasara upande wa pili. LibreOffice, programu anayoandikia binti, huweka nakala ya uokozi kila baada ya dakika 10 isipobadilishwa. Kwa betri kama ile, dakika 10 ni nyingi. Tuliingia Tools, kisha Options, kisha Load/Save, kisha General, tukaishusha hadi dakika 2. Na tulimwomba azoee kubonyeza Ctrl na S kila amalizapo aya. Akatuambia kwa adabu, "Ustadhi, hilo nimeshajifunza."

Kuna sababu nyingine ya kompyuta kukesha ambayo haikuwa ya nyumba hii lakini tumeikuta kwingine. Ikiwa kompyuta imeunganishwa na televisheni kwa kebo ya HDMI, Linux kwa kawaida huichukulia kuwa iko mezani pa kazi na kioo cha pili, hivyo hata ukikifunika kifuniko haitalala. Hilo limekusudiwa. Watoto wakimaliza kutazama, kebo ichomolewe kwanza, ndipo kifuniko kifungwe.

Vilevile kuna usingizi wa aina mbili, na baadhi ya mashine mpya zina ule mwepesi tu. Ukiandika:

cat /sys/power/mem_sleep

utaona neno s2idle, na pengine neno deep pembeni yake. Lililozungushiwa mabano ya mraba ndilo linalotumika. Deep ndio usingizi wa kweli. S2idle ni kama mtu aliyefumba macho lakini anasikia kila mlango unaogongwa. Kwenye baadhi ya kompyuta hula betri kwa kiasi cha kuonekana hadi asubuhi. Ikiwa yako ina s2idle peke yake na inapoteza chaji nyingi usiku, izime kabisa unapolala. Kuwasha upya asubuhi ni dakika moja.

Joto nalo lisipuuzwe. Kompyuta iliyo macho ndani ya mfuko, au juu ya godoro, haina pa kupumulia. Ukiiona betri imevimba, kifuniko hakikai sawa au chini pamebenuka, iache kuitumia na usiichomeke tena. Mpelekee fundi aitoe. Watoto wasiachiwe kuibonyeza.

Tunaulizwa mara kwa mara kuhusu kuizuia betri isijae zaidi ya asilimia 80 ili idumu. Ni kweli kwamba betri za aina hii huchakaa upesi zikikaa zimejaa muda wote huku zina joto, na baadhi ya kompyuta, ThinkPad zikiwamo, huruhusu kikomo hicho kupitia programu iitwayo TLP. Kwa kompyuta ya ofisi ambayo haichomolewi ukutani kutwa kucha, tungeshauri hivyo bila kusita. Kwa mwanafunzi ambaye umeme ukikatika jioni betri ndiyo taa na ndiyo daftari lake, tunaona kikomo hicho kinamnyang'anya moja ya tano ya usiku wake. Na aijaze. Ukiiweka TLP, usiiache ikafanya kazi pamoja na programu nyingine ya jamii hiyo, power-profiles-daemon, kwa maana mbili hizo zitagombea usukani mmoja.

Wenye hamu ya kuchunguza zaidi watavutiwa na PowerTOP, iliyotolewa na Intel mwaka 2007, ambayo huonyesha ni programu gani inayoiamsha kompyuta mara nyingi na inakula kiasi gani. Inafundisha mengi. Ila ukiiruhusu ipange kila kitu kwa mkupuo mmoja inaweza kukilaza hata kipanya chako, ukawa unakisukuma hakijibu. Kabla ya yote hayo, punguza mwanga wa kioo. Hakuna mpangilio wenye faida ya haraka kama huo, na hauhitaji amri yoyote.

Kompyuta ya mezani ina hukumu tofauti. Haina betri, kwa hiyo ikilala na umeme ukakatika, kile kilichokuwa katika kumbukumbu kimekwenda. Ihifadhiwe kazi na izimwe, au iwe na UPS. UPS yenye kebo ya USB ikichomekwa kwenye kompyuta, Linux Mint huweza kuitambua na kuionyesha katika ukurasa ule ule wa Power Management kama betri, nawe ukaweza kuamuru kompyuta ijizime inapokaribia kuisha. Watu wengi hununua UPS na kuiacha kebo hiyo katika boksi lake.

Tuliporudi kwa mzee baada ya wiki moja kuona hali, tulifungua tena shajara. Mistari ya kulala ilikuwa imerejea, saa tatu na nusu, saa nne, na usiku mmoja saa saba, ambao binti aliueleza mwenyewe kabla hajaulizwa: alikuwa anaziandika upya zile kurasa nne, na baba yake alikaa naye sebuleni mpaka alipomaliza. Ripoti ilipelekwa chuoni siku moja kabla ya muda. Kompyuta haikuuzwa. Mzee amenunua redio ndogo inayochomekwa flashi, anaiweka kando ya mto, na anashikilia kuwa sauti yake ni nzuri kuliko ile ya kompyuta.